Nilijuaje pa Kugeuza

Chome, Alhamisi jioni

Mwanangu Namsifu,

Hali yako sikuulizi, maana umetoka hapa nusu saa iliyopita umeshiba makande, unakwenda na mama yako kumuaga bibi. Hali yangu nayo unaijua. Nimekaa stoo juu ya gunia la tangawizi, mlango wazi, ukungu unashuka kutoka mlima Shengena, na nina kama saa moja kabla hamjarudi. Barua hii nitaichomeka ndani ya kitabu cha nota, kitabu nitakitia kwenye begi lako, na utaisoma ukishaipita Same, mahali ambapo huwezi tena kumwambia dereva arudi.

Habari za sweta, pasi ya kusafiria na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, mama yako amezimaliza. Amezisema mara tatu na kesho alfajiri, gari likiwa linaunguruma, atazisema mara ya nne. Mimi nina jambo moja. Jumapili, pale kwenye kinanda, uliniuliza swali kwa macho na sikukujibu. Watu walikuwa wengi, vigelegele vimejaa kanisa, na mimi nikajifanya napanga karatasi. Uliniuliza: Baba, umejuaje pa kugeuza?

Jibu lake nimelificha miaka sita.

Wewe unajua nilivyo. Kwaya ya usharika wetu nimeifundisha miaka ishirini na miwili, na yote hiyo kwa solfa, zile herufi za do, re, mi tulizoachiwa na waliotutangulia. Nipe solfa ya wimbo wowote wa sauti nne, nitakuimbia besi huku nakoroga uji. Lakini nota zile za mistari mitano sikufundishwa na mtu, na sikumwambia mtu kwamba sikufundishwa. Ukishaitwa mwalimu watu hawakuulizi kama unajua. Wanadhani tu, na wewe unawaacha wadhani.

Kitabu tulikikuta ndani ya kiti cha kinanda siku ile tulipoziba mfuko wa upepo uliotobolewa na panya. Ulikuwa darasa la saba, wewe ndiye uliyeshika chupa ya gundi. Kurasa zimekuwa za njano na zimeachia uzi, moja moja, maandishi ya Kijerumani, na wimbo wa kwanza ni ule wa kurasa saba, wa yule mtunzi wa kale ambaye jina lake siku hizi unalitamka kuliko ninavyolitamka mimi. Niliangalia zile nota zilivyopanda na kushuka nikasema, huu tutauimba Krismasi. Ilichukua mwaka mzima kabla sijapata ujasiri wa kuanza.

Vuli iliyofuata, mvua ikinyesha na shamba halikanyagiki, nilikaa na penseli nikaandika herufi ya solfa chini ya kila nota, kurasa zote saba. Mstari wa chini kabisa nikauita do. Kwa nini? Kwa sababu ndio wa chini, na do ndiyo ya kuanzia. Nilijiona mtu aliyegundua siri ya Wajerumani. Hapakuwa na wa kunisahihisha, maana hapa juu hakuna aliyejua nota, na aliyedhaniwa anajua ni mimi.

Kwaya ikaimba. Mungu atusamehe wote. Mama Elinami wa sauti ya pili aliuliza, "Mwalimu, ni kweli wimbo unakwenda hivi? Mbona kama tunashuka ngazi gizani?" Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba Wazungu wa zamani waliimba hivyo hivyo. Akasema haya, akaendelea kushuka.

Halafu ukaja wewe kutoka shule, Same, likizo yako ya kwanza ya Desemba. Kidato cha kwanza, miaka kumi na minne, miguu mirefu kama ya mwana-mbuzi. Jumamosi ukaja mazoezini, ukasimama nyuma ya sauti ya kwanza ukiangalia karatasi, na nikaona midomo yako inahesabu. Tulipofika mwisho ukanyoosha mkono. Pale kanisani uliniita Mwalimu kama wengine, na nilipenda hivyo.

"Samahani, Mwalimu. Nadhani do haiko pale chini."

"Iko wapi?"

"Iko mstari wa kati. Hizi alama mbili za mwanzo ndizo zinazosema."

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wetu wa fizikia. Anapiga kinanda kanisani kwao."

Watu wakacheka. Leo najua waliicheka hiyo fizikia, jinsi ilivyoingia mahali isipoitwa. Siku ile nilisikia wananicheka mimi. Na wewe, ambaye hukuona hatari yoyote, ukaenda kwenye kinanda, ukakanyaga mpaka upepo ukajaa, ukapiga mstari wa kwanza kama ulivyoandikwa. Ulikuwa mzuri, Namsifu. Hili nataka ulijue kabla ya yote: nilisikia pale pale kuwa ni mzuri. Mama Elinami alishusha karatasi yake. Na mimi nikatembea hatua nne nikafunika kinanda, karibu nikubane vidole, nikasema, "Usituletee uongo mbele ya watu wazima."

Jumatatu nikapigilia komeo na kufuli. Ufunguo nikautia mfuko wa koti. Nikakuambia hutakigusa mpaka ujifunze heshima. Ukasema, "Sawa, Baba." Mama yako alinipakulia ukoko siku mbili.

Kabla hujarudi shule uliomba simu yangu, ukaniwekea ule wimbo uliopigwa huko kwa Wajerumani kwenye kinanda cha mabomba. Hukubishana. Ulisema tu, "Baba, ukipata nafasi usikilize, karatasi iwe mkononi." Nikajibu nitaona. Sikuona Januari wala Februari.

Machi ikaja zamu yangu ya maji. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa ndiva, bwawa letu la kumwagilia pale juu, nikingoja lijae nifungue lango, na kungoja kule unakujua mwenyewe, hakuna cha kufanya ila kuwatazama vyura. Karatasi zilikuwa mfukoni kwa sababu Krismasi haikutosha, nilitaka tuuimbe tena Pasaka. Nikaweka simu sikioni nikaweka kidole kwenye nota ya kwanza. Wimbo ule unaanza sauti moja peke yake, kwa hiyo hapana pa kujificha. Karatasi yangu ilisema so. Sikio likasikia do. Nikarudisha mwanzo. Do. Nikarudisha tena. Sikio langu halijawahi kunidanganya kuhusu do, hata siku moja. Nikahesabu mistari kwa kidole, moja, mbili, tatu. Mstari wa kati. Pale pale uliposema wewe.

Nilisikiliza hadi mwisho, nimepotea tangu ukurasa wa pili, sijui mkono uko wapi wala sauti iko wapi, nimeshika karatasi tu. Ulikuwa wimbo mkubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kukisimamia. Nilizinduliwa na kelele za jirani yetu Baba Elinami kutoka bondeni: "Mwalimu! We Mwalimu! Lango umefungua saa ngapi? Maji yako yote yako kwenye maharage yangu!" Nilikuwa nimefungua nisijue. Alinishukuru wiki nzima kwa ukarimu.

Sasa sikia kosa langu, maana si lile la penseli. La penseli mtu yeyote wa solfa angelifanya. Kosa langu ni kwamba siku ile nilirudi nyumbani, ufunguo uko mfukoni, najua kila kitu, na nikanyamaza. Nilijiambia nitasema ukija Juni. Ukaja Juni. Ukaona kufuli bado lipo, hukuuliza. Siku moja nikaingia hapa stoo kuchukua jembe, nikafunga mlango nyuma yangu, na nyuma ya mlango nikakuta umechora kinanda kwa chaki, vibao vyeupe na vyeusi, vyote, na chaki imefutikafutika katikati mahali vidole vyako vilipopita. Ulikuwa unapiga mlango. Halafu nikachukua jembe nikaenda shambani, na jioni nikakuuliza kama mbuzi wamepata majani.

Desemba nikakupa ufunguo, na hata hapo sikuwa na miguu ya kuja mwenyewe. Nilimtuma mama yako. Ukanijia pale uani, ukapiga goti kidogo kama ulivyofundishwa, ukasema, "Asante, Baba, kwa kunisamehe."

Na mimi nikasema, "Haya, tusirudie."

Nimeandika maneno hayo mawili na kuyasoma tena, mtu mzima wa miaka hamsini na nne. Nisamehe, mwanangu. Hukuwa na kosa. Ulikuwa sahihi siku ile na nilijua miezi tisa kuwa ulikuwa sahihi, na nikapokea shukrani yako kana kwamba ni haki yangu. Kila mwaka nilitaka kusema, na kila mwaka neno lilizidi kuwa zito, kwa sababu sasa nilipaswa kueleza pia kwa nini sikusema mwaka uliopita. Kama ningesema siku ile ile ya ndiva, ningetumia pumzi moja. Tazama sasa natumia kurasa ngapi.

Kitu kimoja tu nilikifanya vizuri. Nilichukua ufutio nikafuta. Kurasa saba, herufi baada ya herufi, taratibu, karatasi ile ya zamani isichanike. Ilinichukua muda mrefu kuliko kuandika. Kisha nikatafuta daftari lako la kidato cha kwanza, lile ulilochora mistari mitano kwa rula na kuandika majina ya nota kwa kalamu nyekundu, nikaanza kujifunza kwa mwandiko wa mtoto wangu. Mama yako alidhani nasoma barua zako.

Nilikuwa nafanyia mazoezi kule ndivani, kila zamu yangu, simu sikioni na karatasi magotini. Miaka miwili nilikuwa napotea mahali pamoja, ukurasa wa tatu, pale sauti ya nne inapoingia na zote zinasema kwa pamoja. Nilikuwa nataka kuziona zote. Macho yanaruka juu, yanaruka chini, na wimbo umeshaondoka. Unajua kilichonisaidia? Maji yenyewe. Siku hiyo nilifungua lango kwa akili timamu, nikachukua jembe nikaanza kuyafuata maji yangu mferejini kama tunavyofanya siku zote. Mifereji inagawanyika pale kwenye jiwe, wa Baba Elinami unakwenda kushoto, wa kanisa unakwenda kulia, na mtu mwenye akili hatazami mifereji ya watu. Anatembea na maji yake hadi shambani kwake. Nikasimama pale pale katikati ya tope nikacheka peke yangu.

Zamu iliyofuata nikachagua besi tu. Nikaifuata besi peke yake, nikaziacha nyingine zipige kelele zake huko juu. Ikanyamaza, nikahesabu kimya chake. Ikarudi, nilikuwa naisubiri mlangoni. Nikavuka ukurasa wa tatu. Nikavuka wa nne. Mwezi uliofuata nikafuata sauti ya tatu, na kadiri nilivyozizoea moja moja nikaanza kuzisikia zinavyoitana, hii inasema jambo, ile inalichukua na kulisema juu zaidi, na yule mtunzi Mjerumani hakuna aliyemwacha njiani, kila mmoja anafikishwa. Siku nilipofika mwisho, kidole kwenye nota ya mwisho na nota ya mwisho sikioni, vyote kwa pamoja, nilipiga kelele hadi vyura wakaruka majini. Namsifu, nimeoa, nimezaa, nimejenga. Sijui kama nimewahi kujisikia mkubwa kama siku ile, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu ningemwambia nini?

Basi ikaja Jumapili. Umeshapata nafasi ya chuo cha muziki ng'ambo, dayosisi imesema ndiyo, kanisa limejaa hadi nje, na wewe utapiga ule wimbo wetu kuwaaga. Rehema, aliyepangwa kukugeuzia kurasa, kaamka na homa. Nilikuona umekaa kwenye kiti unaangalia huku na huku. Nikainuka. Nilisikia mama yako anasema kwa sauti ya chini, "Baba Namsifu, unakwenda wapi?"

Ukaninong'oneza, "Baba, nitakutikisia kichwa."

"Haya," nikasema.

Ukaanza. Ule mfuko wetu wa upepo, na gundi yake ya miaka yote hiyo, ulipumua kama ng'ombe mzee, na sauti ya kwanza ikatoka peke yake. Ukurasa wa kwanza ukatikisa kichwa, nikageuza. Wa pili ukatikisa, nikageuza. Wa tatu sauti zote nne zikaingia, jasho linakutoka puani, miguu inakanyaga, vidole vimejaa, ukasahau kutikisa. Mimi nilikuwa na besi. Niliifuata mpaka nota ya mwisho ya ukurasa, nikageuza. Ukaniangalia. Nusu ya nusu ya sekunde, lakini uliniangalia, na hukukosea hata nota moja ulipokuwa unaniangalia. Wa nne, wa tano na wa sita hukutikisa tena. Ulikuwa unanipima, si ndiyo? Nilikuona. Nikageuza zote.

Na ile nota ya mwisho uliposhikilia, ukakanyaga mpaka madirisha yakaanza kutetemeka, na Mama Elinami akapiga kigelegele kabla mchungaji hajasema lolote, nilisimama pale najua kwamba tumefika wawili. Wao walidhani umefika peke yako.

Baada ya hapo sikuweza tena kukaa nalo. Jana kwenye mazoezi niliwaambia kwaya. Niliwaambia yote, mstari wa chini, penseli, kufuli, miezi tisa, ule ufutio. Nilikuwa nimejiandaa kuacha ualimu, na hata fimbo ya kuongozea nilikuwa nimeiweka juu ya kinanda. Mama Elinami akasema, "Mwalimu, sisi tulijua tangu siku ile mtoto alipopiga. Ule wimbo wako ulikuwa unaniuma meno. Tulikuwa tunakungoja wewe." Kisha wakacheka, na safari hii walinicheka mimi kweli, hadi Baba Elinami akashika ukuta, na nilicheka nao, na sikufa. Wakanirudishia fimbo. Besi wanataka niwafundishe nota za mistari, nimekubali, tunaanza mwezi ujao na lile daftari lako la kalamu nyekundu.

Huko unakokwenda utakuta kinanda ambacho miguu nayo inapiga nota. Hapa miguu yako ilikuwa inatafuta pumzi tu. Nikiwaza hilo nacheka peke yangu kwa furaha, binti aliyejifunzia mlangoni ameketi mbele ya mabomba marefu kama mikaratusi. Utakuta pia watu wenye hakika kubwa. Wengine watakuwa wanajua kweli, wasikilize. Wengine watakuwa mimi. Hao nao wavumilie kidogo, ila usiwashukuru kwa kukusamehe. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyekosea, sema siku hiyo hiyo, hata mbele ya mtoto. Ningependa usirithi kunyamaza kwangu. Sikio rithi, ni zuri.

Nasikia sauti ya mama yako huko njiani, kwa hiyo namalizia. Mfuko wa mbele wa begi utakuta ufunguo mdogo umefungwa kwenye kitambaa. Ni ule uliouacha kwa mama yako. Usihangaike kuwa umeuchukua, hauna kazi tena huku. Leo asubuhi nilikwenda kanisani na nyundo, nikang'oa kufuli na komeo lake. Mbao zimebaki na matundu manne ya misumari, nimeyaacha wazi. Yeyote anayetaka kufunika kinanda atafunika kwa mkono, na yeyote anayetaka kufunua atafunua.

Kitabu ni chako. Mimi nimepiga kopi ya kurasa zetu saba pale Same, ninazo hapa, safi, hazina penseli. Ukishazoea kinanda cha huko, tafuta Jumamosi moja unipigie simu. Usiseme chochote, weka simu pale juu ya kinanda, upige wimbo wetu tangu mwanzo, na miguu iingie. Mimi nitakuwa kule ndivani, karatasi magotini. Na ukifika mwisho wa ukurasa wa tatu, pale pagumu, usitikise kichwa.

Nitageuza.

Baba yako